Bia, hisa za London na kodi ya warithi: kilabu yetu ya taarab tuiokoe vipi?

"Assalam alaykum. Sisi ni kilabu ya taarab hapa Mji Mkongwe, wanachama 34 kwenye daftari lakini wanaolipa ada ya 10,000 kwa mwezi ni kama nusu. Tumekodi nyumba, juu ukumbi, chini tunauza kahawa, juisi na vitafunio. Tunapiga kila Jumamosi. Mwenye nyumba alikuwa mzee wetu, hatukuwa na mkataba, tukimpa 700,000 kwa mwezi mkono kwa mkono. Amefariki mwaka jana. Sasa mtoto wake mmoja ametuma meseji ya WhatsApp kwamba baada ya miezi mitatu kodi ni 1,200,000 au tutoke, kuna mtu anataka kufanya hoteli. Vijana wa kamati wanasema tuweke bia, ndio itatuokoa. Wazee wanasema bia ikiingia mlango wa mbele wao wanatoka mlango wa nyuma. Mpwa wangu yuko London, anasema kule watu walinunua baa yao ya muziki kwa hisa na sisi tufanye hivyo hivyo. Akiba yetu ni milioni 2 tu. Tuanzie wapi? Nakuambatanishia hesabu ya Jumamosi ya kawaida."

Waalaykumu ssalaam dada yangu, na pole kwa msiba wa mzee wenu. Nimekusoma mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi, na nataka nikwambie mapema kwamba kilabu yenu haiendeshwi vibaya kiasi hicho mnachogombania kwenye kamati. Bia ntakujibu, na la mpwa wako ntalijibu, lakini yote mawili mmeyatanguliza mbele ya swali lenyewe, nalo ni hili: huyo alotuma meseji ni nani kisheria?

Maana mtoto mmoja wa marehemu si mwenye nyumba. Mali ambayo haijagawiwa ni ya warithi wote, kila mmoja na fungu lake, wakiwemo dada zake na mjane kama yupo, na mirathi yetu sisi Waislamu wa Zanzibar ina njia zake, Mahkama ya Kadhi ipo, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo. Basi kabla hamjajadili hata senti moja muulizeni kwa adabu kabisa, "Mirathi ishafanywa? Msimamizi ni nani? Tunaweza kupata nakala ya karatasi?" Akiwa ni msimamizi au warithi wenzake wamempa uwakala kwa maandishi, sawa, mna mtu wa kukaa naye. Akiwa ni yeye na simu yake tu, basi mnachopewa ni fikra ya mtu mmoja katika familia, na inawezekana kabisa dada yake mkubwa hajui lolote.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Kuna kikundi nilikuwa mshika fedha wake miaka mingi iliyopita, nyumba ya kukodi vile vile, hakuna karatasi vile vile, tukatengeneza madirisha, tukapaka chokaa, tukavuta umeme upya kwa pesa zetu, siku moja akaja kijana mmoja wa ukoo na kufuli jipya na sisi tukatoka kama kondoo, udi kwapani, fidla kwenye mfuko wa Rambo. Baada ya mwaka mzima ndio tunakutana na dada yake harusini anatuuliza, mbona mlihama bila ya kuniaga? Alikuwa hajui! Na yeye alikuwa anaipenda kilabu kuliko sisi.

Na jengine, watu wanadhani pasipokuwa na mkataba wa maandishi basi mpangaji hana kitu. Si kweli. Mkilipa kila mwezi na pesa ikapokelewa, huo ni upangaji, na warithi wanaichukua nyumba pamoja na mpangaji aliyemo ndani. Tatizo lenu ni ushahidi, kwa sababu mkono kwa mkono hauachi alama. Kwa hiyo kuanzia mwezi huu kodi ilipwe ile ile 700,000 kwa wakati wake, ipitie benki au kwenye simu yenye jina, na muandike "kodi ya mwezi fulani", wala msiache kulipa eti kwa sababu mna mgogoro, mkiacha mnampa yeye sababu. Tafuteni pia ushahidi wa nyuma, daftari la mshika fedha, picha za matengenezo, sheha anayejua mko hapo tangu lini.

Haya, tuje kwenye karatasi yako ya hesabu, ambayo ukweli imenifurahisha maana kilabu nyingi hata hiyo hazina.

Jumamosi ya kawaida wanaingia wenyeji 35 kwa 5,000, hiyo 175,000, na wageni 12 kwa 15,000, hiyo 180,000. Jumla 355,000. Wapigaji 11 kwa 15,000 ni 165,000, waimbaji watatu kwa 20,000 ni 60,000, fundi wa mitambo 40,000, umeme mmekadiria 15,000, kubeba vyombo 15,000, mlinzi 10,000, usafi 10,000. Mnatumia 315,000. Inabaki 40,000.

Iangalie vizuri hiyo 40,000. Ukumbi umejaa, watu wanatunza, bibi mmoja kapanda jukwaani na noti za elfu mbili mbili, kila mtu anarudi nyumbani anasema leo kilabu imeingiza, na kilabu imeingiza shilingi 40,000. Jumamosi nne ni 160,000. Ada za hao nusu wanaolipa 170,000. Kahawa na juisi unasema inabaki kama 12,000 kwa siku, siku 25, hiyo 300,000. Jumla 630,000 na kodi ni 700,000. Yani hata kabla ya hii meseji mlikuwa mnapungukiwa 70,000 kila mwezi, na bila ya shaka pengo hilo likizibwa na pesa za harusi, ndio maana hamkuliona. Na hapo sijatoa Ramadhani ambayo hakuna kupiga mwezi mzima, wala masika, Aprili na Mei, wageni hakuna na mvua inawafungia hata wenyeji majumbani.

Usiku wa muziki haulipi nyumba. Sio kwenu tu, ni pahala pengi duniani, bendi kubwa ya watu 14 na ukumbi wa watu 50, hesabu haikubali. Kinacholipa nyumba ni vitu vyengine ambavyo usiku ule unavivuta, watu wanakujueni, wanakwiteni harusini, wanakuja kunywa kahawa mchana, wanawaleta watoto wao kujifunza. Nadi Ikhwan Safaa, kilabu kongwe ya taarab ya Unguja, ipo tangu 1905, imepita sultani, imepita mapinduzi, imepita kaseti na kibodi za rusha roho, na tangu mwanzo ni chama cha watu wenye uanachama wao, kiingilio cha mlangoni peke yake kisingeifikisha miaka mia na ushei.

Sasa kodi ikiwa 1,200,000 mnapungukiwa 570,000. Inatisha lakini tuivunje. Wanachama 17 wasiolipa, mkiwapata wote ni 170,000, na mimi nakwambia wengi hawalipi kwa sababu hawajaombwa na mtu wanayemuonea haya. Mpeni kazi hiyo mama mmoja mwenye heshima na daftari, si meseji ya grupu. Inabaki 400,000. Halafu ukumbi wenu tangu asubuhi mpaka Isha umefungwa na feni imezimwa, na nje hapo wanapita wageni wanaotafuta kitu cha kufanya kisichokuwa kununua picha za tingatinga. Saa moja ya kuonyeshwa udi au ganuni, mgeni anashika mwenyewe, anapiga mapigo mawili ya dumbaki, anapewa kahawa na kashata, hiyo anaweza kulipa 40,000 bila ya kulalamika, nusu ya mwalimu nusu ya kilabu. Kumi kwa mwezi ni 200,000 kwenu. Siku mbili kwa mwezi ukodisheni ukumbi kwa semina au kisomo kwa 60,000, hiyo 120,000. Pengo sasa ni 80,000.

Na hapa ndio narudi kwenye warithi. Mkikaa nao wakakubali 1,000,000 badala ya 1,200,000, mmepata 200,000 kila mwezi. Kwa ile 40,000 yenu, hizo ni Jumamosi tano. Mwezi una Jumamosi nne! Yani mazungumzo ya alasiri moja na familia, mmekwenda na halua na mzee mmoja anayewajua tangu wadogo, yana thamani kuliko mwezi mzima wa kujaza ukumbi. Ombeni mkataba wa miaka mitatu au mitano, kodi ikipanda iandikwe inapanda lini na kwa kiasi gani, na matengenezo yaandikwe nani analipa. Wao nao wana lao, nyumba ya mawe haikai tupu bila ya kuoza, na huyo mtu wa hoteli mara nyingi ni maneno mpaka siku anayotoa pesa, akija itabidi apite Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kwa kila ukuta anaotaka kuugusa. Waambieni hivyo kwa upole, si kwa vitisho.

Kuna na suala la tunzo, ambalo kwenye karatasi yako halimo kabisa. Zinakwenda wapi? Najua desturi, anatunzwa muimbaji na ni zake. Kilabu nyengine zinatia kwenye mkoba mmoja zinagawana bendi nzima, na mpigaji analipwa kidogo kidogo kwa uhakika halafu anapata fungu lake la mkoba. Mkishusha malipo ya wapigaji 11 kutoka 15,000 mpaka 10,000 kilabu inaokoa 55,000 kwa usiku, zaidi ya faida yenu yote ya sasa. Lakini mimi sikushauri muamue hilo kwenye kamati. Waamue wapigaji wenyewe, maana usiku mbaya wao ndio watakaoumia, na mpiga fidla mzuri akikuondokeeni hampati mwengine sokoni Darajani.

Sasa bia.

Mimi si shehe na sikuhukumuni, kuna kumbi Unguja zina baa na muziki na zinakwenda vizuri tu. Lakini hao vijana wanaangalia faida ya chupa hawaangalii nini kinatoka wakati chupa inaingia. Kibali cha vileo kina ada na masharti yake, mnahitaji mafriji, mlinzi wa pili, na mtu wa kushika stoo ambaye hana ndugu wengi. Kinachotoka ni wazee, yani nusu ya bendi. Wanatoka akina mama wa mchana. Zinatoka harusi, na harusi ndizo zinazoziba pengo lenu, nani atakwita kwenye harusi ya bintiye wakati kilabu yako inajulikana kwa baa? Kinatoka kisomo cha 60,000. Na warithi, hata yule anayetaka pesa, wanaweza kukataa kwa jina la baba yao. Na kama nyumba ikigundulika ina fungu la wakfu ndani yake, Mji Mkongwe umejaa nyumba hizo, mjadala umekwisha hapo hapo. Halafu bidhaa yenyewe si ya kutegemea, mwanzoni mwa 2024 vibali vya kuingiza vileo vilipobadilishwa mikono hata mahoteli makubwa yalikosa. Hoteli ina vyumba vya kuuza, nyinyi mngekuwa na nini?

Vijana wasirudi mikono mitupu lakini, maana wana hoja, pesa ya mgeni anayetaka kinywaji ipo kweli. Ifuateni kule kule iliko. Usiku mmoja kwa wiki kikundi kidogo cha watu watano kikapige kwenye hoteli yenye kibali chake, kwa malipo yaliyopangwa kabla, iwe imejaa au haikujaa. Baa yao, kibali chao, ugomvi wao. Hakikisheni tu asiyetaka kwenda halazimishwi.

Mpwa wako hakukudanganya, ila kakuhadithia mwisho wa hadithi. Moja ya hizo baa anazozisema bila ya shaka ni Ivy House, Nunhead, kusini mwa London, baa kongwe yenye jukwaa, bendi za roki zikipiga pale miaka ya 1970. Ilikuwa inauzwa, na watu wa mtaa waliinunua 2013 kwa pamoja. Kilichowawezesha ni sheria ya Uingereza ya 2011 iliyowapa watu wa mtaa haki ya kuliandikisha jengo kuwa ni mali yenye faida kwa jamii, na mwenyewe akitaka kuliuza wakati ule waliweza kupata mpaka miezi sita ya kutafuta pesa kabla hajaliuza. Kwetu mlango huo haupo. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, lakini kinacholindwa ni jengo, ukuta na mlango wake wa nakshi, si nyinyi mliomo ndani. Hoteli inaweza ikaingia na nakshi ikabaki pale pale inang'aa kuliko mwanzo. Na wale walinunua jengo lao wenyewe, tena biashara yake ni bia, kule bia ndio inaubeba muziki. Nyinyi mkiuza hisa leo mnauza hisa ya kitu gani? Ya viti na amplifaya? Huo ni mchango umevishwa kanzu, ni bora muuite mchango.

Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwao ni kimoja, mwanachama mmoja kura moja, awe katoa elfu kumi au milioni. Hilo mnaweza kulifanya hapa kwa ushirika, ila ulizeni kwanza sasa hivi mmeandikishwa kama nini, maana jumuiya haigawi faida kwa wanachama na ushirika unaweza, na kubadilisha si kazi ya wiki moja. Na siku warithi wakiamua kuuza kweli, hapo ndio mpwa wako atafute wenzake wa London, na mazungumzo yatakuwa mengine.

Najua kuna mtu kwenye kamati kashasema tuandike barua kwa wafadhili. Andikeni, lakini si kwa ajili ya kodi. Mfadhili anapenda kulipia kitu chenye picha, mafunzo ya watoto, ganuni mpya, kurikodi nyimbo za zamani. Na siku akiondoka anaondoka. Tamasha la muziki la Sauti za Busara lenye jina dunia nzima halikufanyika 2016 kwa kukosa fedha, na chuo cha muziki cha DCMA 2019 kilitangaza hadharani kwamba kinaweza kufunga. Hao wana ofisi na watu wa kuandika maombi ya fedha kila siku. Nyinyi mna wewe na simu yako.

Mambo mawili hukuniuliza. La kwanza majirani. Spika zenu ziko juu ya sakafu ya boriti, na sakafu ile ni ngoma, besi inashuka chini na inatembea kwenye ukuta mpaka kitandani kwa mtu nyumba ya pili. Sauti ya juu ukifunga dirisha inapungua, besi haisikii dirisha. Nyanyueni spika, wekeni vipande vya tairi chini yake, zigeuzeni zisitazame dirishani, na bora spika ndogo nne karibu na watu kuliko kubwa mbili zinazopiga kelele toka jukwaani. Anzeni baada ya Isha, muwe na saa ya kumaliza, na muiheshimu. Mkija kuhitaji barua ya sheha, majirani waliolala vizuri ndio mashahidi wenu.

La pili ni sakafu yenyewe, na hapa siongei kama mtu wa muziki. Boriti zinaoza kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani, mvua ikivuja au ukuta ukipigwa plasta ya saruji inayofungia unyevu ndani badala ya chokaa inayopumua. Katikati boriti inaonekana nzima kabisa. Kwenye kikundi chetu kile dalili ilikuwa vumbi jeupe linaloangukia sambusa chini kila watu wakicheza juu, na sisi tukiifunika sahani kwa gazeti, tukiona tumetatua. Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafa, na lile lilikuwa jengo la serikali lililokuwa kwenye matengenezo. Kwa hiyo kama sakafu yenu inanesa, maji kwenye glasi yanatikisika ngoma ikikolea, au mnaona vumbi hilo, simamisheni Jumamosi mpaka fundi anayezijua nyumba za mawe aje agonge kila ncha, na hili si la kusubiri mkataba. Likitoka na gharama, nalo liingie kwenye mazungumzo ya kodi, maana mtakuwa mnatengeneza nyumba ya watu.

Vibali vyengine sitaki vikutoe jasho, ila hakikisha havijapitwa na wakati, BASFU kwa sanaa, COSOZA kwa haki za nyimbo, Manispaa na Mamlaka ya Mapato (ZRA) kwa biashara ya kahawa. Mtu anayekutaka utoke atatafuta hapo kwanza. Na pesa za kilabu zisikae kwenye simu ya mtu, hata akiwa mwaminifu kama nani, fungueni akaunti ya watia saini watatu.

Kwa wakili nendeni kabla ya kuisaini karatasi yoyote, na mara moja bila ya kungoja mkiona kufuli, barua ya mahkama, au mtu wa tatu anadai kashainunua nyumba. Hali ikiwa ndogo, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kinasaidia watu wasio na uwezo, nendeni na daftari na risiti mlizo nazo. Milioni mbili zenu msizitumie kulipa ongezeko la kodi kwa kuwa mmeogopa, hizo ni za wakili na za boriti.

Wiki hii fanya moja tu, mjue msimamizi wa mirathi ni nani. Ukishalipata jina niandikie tena, na unambie kama huyo dada mkubwa yupo, maana mimi ningeanza kwake.